Tundu Lililotoweka: Historia ya Waya wa Kanda za MiniDV

Kamera ya Sony DCR-VX1000 ilipoingia sokoni mwaka 1995, ilikuwa na tundu dogo la pini nne ambalo kompyuta za nyumbani za wakati huo hazikuwa na mwenzake. Kamera ilitangulia na kompyuta ikabaki nyuma. Miaka michache baadaye zikakutana, zikafanya kazi nzuri pamoja kwa takriban muongo mmoja, kisha kompyuta mpakato zikaliondoa tundu hilo wakati mamilioni ya kanda bado zimo makabatini.

Chimbuko la waya wenyewe ni kampuni ya Apple, Marekani, ambako wahandisi walianza kuubuni katika miaka ya 1980. Sony, Texas Instruments, IBM na wengine wakashiriki, na mwishoni mwa mwaka 1995 taasisi ya wahandisi ya IEEE ikaupitisha kuwa kiwango namba 1394. Apple waliuita FireWire, Sony wakauita i.LINK, na kwenye kamera nyingi pembeni ya tundu paliandikwa DV tu. Yote ni mfumo mmoja.

Ili kuelewa ulileta nini, tukumbuke enzi za VHS. Kuhariri kulimaanisha kunakili kutoka deki moja kwenda nyingine, na kila nakala ilififia kuliko ile iliyotangulia. Katika DV, mfumo wa kanda za MiniDV, picha ilikuwa tayari ni namba, zimeandikwa kwenye kanda yenye upana wa milimita 6.35. Waya ulizihamisha namba hizo kama zilivyo hadi kwenye diski ya kompyuta. Hapakuwa na kupungua rangi wala kuongezeka chenga, hata ukinakili mara kumi.

Ugumu ulikuwa kwamba kanda haisubiri. Inapozunguka inamwaga picha kwa kasi ya megabiti 25 kwa sekunde, ukiacha sauti na taarifa nyingine, na kompyuta ikichelewa kidogo tu, vipande vya picha vinapotea. FireWire ilitatua hilo kwa kuitengea video nafasi yake, kama njia ya mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam: msongamano pembeni uwe mkubwa kiasi gani, basi linapita. Tena amri zilisafiri kwa waya huohuo. Mhariri alibonyeza kitufe kwenye skrini, na kanda iliyo ndani ya kamera ikajirudisha nyuma hadi pale alipopataka.

Mwaka 1999 ndipo mambo yalipofunguka. Januari, Apple walitoa Power Mac G3 yenye matundu ya FireWire. Oktoba wakatoa iMac DV pamoja na programu ya kuhariri ya iMovie. Saa moja ya kanda ya DV hula takriban gigabaiti 13, na iMac DV ya kawaida ilikuwa na diski ya gigabaiti 10. Kanda nzima haikuenea! Watu walihamisha kipande, wakakikata, wakakirudisha kwenye kanda, wakafuta, wakaanza kingine. Hata hivyo, kazi iliyohitaji chumba cha televisheni sasa ilifanyika juu ya meza ya kulia chakula. Watengenezaji wakubwa wa filamu nao hawakuidharau DV. Festen ya Thomas Vinterberg, ya mwaka 1998, ilipigwa kwa kamera ndogo ya Sony ya kushika mkononi, na Agnès Varda wa Ufaransa alitembea na kamera ya aina hiyo alipotengeneza filamu yake ya waokotaji masazo, iliyotoka mwaka 2000. Kwetu Afrika Mashariki, kanda hizo ndogo zilibeba harusi, send-off, maulidi, mahafali na misiba ya miaka ya 2000.

Mbona basi waya mzuri hivyo haukutawala kila kompyuta? Fedha zilichangia. Mwanzoni mwa mwaka 1999 Apple walitaka dola moja kwa kila tundu, watengenezaji wakalalamika, na hatimaye ada ikashuka hadi senti 25 kwa kifaa. Wakati huo USB, iliyosukumwa na Intel, ilikuwa imeshaenea kwa bei nafuu. USB ya kwanza ilibeba megabiti 12 tu kwa sekunde, chini ya nusu ya mahitaji ya DV. Ndiyo maana kamera nyingi za wakati huo zilikuwa na matundu mawili: la USB la kutoa picha mnato, na la DV la kutoa video yenyewe. Mwenye kamera aliyechomeka waya wa USB na kuambulia picha chache za kadi aliweza kudhani kamera yake mbovu, kumbe video ilipita mlango mwingine. USB 2.0 ya mwaka 2000 ilikuwa na kasi ya kutosha, megabiti 480, lakini kamera chache sana za kanda zilitengenezwa kupitisha DV humo.

Wenye kompyuta mpakato ndio waliohangaika zaidi. Kompyuta za Apple zilikuwa na tundu la pini sita lenye kupeleka umeme, na nyingi za Windows zilikuwa na lile dogo la pini nne. Zisizo na lolote ziliokolewa na kadi ya kuchomeka ubavuni, kwanza ya CardBus kisha ya ExpressCard, hadi nafasi za kadi nazo zikaondolewa.

Oktoba 2008 Apple wenyewe wakatoa MacBook ya alumini isiyo na FireWire. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Juni 2009 kompyuta ya umbo hilo ikarudishiwa tundu, safari hii la pini tisa. Mwaka 2012 MacBook Pro ya skrini ya Retina ikaliondoa tena, na adapta ya kutoka tundu jipya la Thunderbolt ikawekwa sokoni. Hoja ya watengenezaji ilikuwa kwamba kamera mpya zinarekodi kwenye kadi, na kadi haihitaji FireWire ili kunakiliwa. Ni kweli kwa kamera mpya. Lakini anayenunua kamera mpya hatupi kanda za harusi ya mama yake, na hapo ndipo naona waliwakosea wateja waliowaamini.

Pengo hilo likajazwa na udanganyifu. Hadi leo vinauzwa vichwa vidogo vyenye USB upande mmoja na FireWire upande wa pili, bila chipu yoyote ndani. Haviwezi kufanya kazi. Katika USB kompyuta ndiyo inayoamuru na kifaa kinatii, wakati katika FireWire vifaa vinazungumza kwa usawa. Kuunganisha nyaya za shaba peke yake hakutafsiri lugha hizo mbili. Kifaa kingine ni kile cha bei nafuu kinachopokea waya wa manjano, mwekundu na mweupe na kuingia kwenye USB. Hicho kinafanya kazi, ila kamera huigeuza picha kuwa ya analogi, nacho kikairudisha kuwa namba, na ubora unashuka. Kitumie kwa VHS; kwa MiniDV kiwe cha mwisho kabisa.

Hadithi inafanana na ya mwaka 2020, korona ilipowafungia watu nyumbani na wengi wakataka kamera zao nzuri ziwe macho ya mikutano ya mtandaoni. Walichomeka HDMI ya kamera kwenye HDMI ya kompyuta mpakato, wasione kitu, kwa sababu kwa kawaida tundu hilo la kompyuta hutoa picha tu, halipokei. Safari hii watengenezaji walijitahidi: Canon walitoa programu ya kutumia USB ya kawaida mwezi Aprili mwaka huohuo, na wenzao wakafuata. Wenye kanda hawakupata huruma hiyo. Mfumo wa macOS Tahoe wa mwaka 2025 umeacha kabisa kuitambua FireWire, hata ukiwa na adapta. Linux bado inaihudumia, na mpango ni kuendelea hadi mwaka 2029.

Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na video, IASA, walianzisha mradi wa kutahadharisha kuhusu kanda za sumaku, kwa kuwa mashine za kuzichezea zinakwisha. Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na kanda za MiniDV, tafuta kompyuta ya zamani yenye tundu la FireWire, au fundi anayeimiliki. Zima kamera na kompyuta kabla ya kuchomeka, na usilazimishe kichwa cha pini sita, kwani kikigeuzwa umeme wake unaweza kuiunguza kamera. Omba upewe faili la DV lenyewe, si DVD pekee, na uliweke katika diski mbili. Anza na kanda zenye sauti za waliokwisha kututoka, na anza mwaka huu.