Jiji, Sité na Kijiji: Historia ya Maneno ya Kutaja Mji na Wakazi Wake Gisenyi

Tangu Bunge la Rwanda lilipopitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, Februari 2017, wafasiri wa nyaraka za umma wamekabiliwa na maneno ya Kiingereza ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayana ugumu wowote: “city” ni jiji, “village” ni kijiji, “citizen” ni raia. Makala hii inadai kuwa katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, milinganyo hiyo mitatu ina walakini, na kwamba chanzo cha walakini huo kimo katika historia ya mji wenyewe kuliko katika kamusi.

Kiswahili si mgeni Gisenyi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi kwenye ufuo huo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, wakiliandika jina lake Kissenji, na Kiswahili kikafika pamoja na askari wao na wafanyabiashara waliowafuata. Wabelgiji walioitwaa nchi mwaka 1916 hawakuifuta hali hiyo, waliizungushia mipaka. Katika miji ya Ruanda-Urundi wazungumzaji wa lugha hiyo, wengi wao wakiwa Waislamu, waliwekwa katika mitaa iliyotengwa na makazi ya Wazungu na pia na vijiji vya wenyeji. Biryogo ya Kigali na Buyenzi ya Bujumbura ni mifano inayofahamika zaidi.

Kutokana na kutengwa huko Kinyarwanda kilipata maneno mawili yanayostahili kuwekwa bega kwa bega. La kwanza ni umuswahili, ambalo mbali na kumtaja Mwislamu au mkazi wa mitaa hiyo limebeba pia maana ya mjanja asiyeaminika. La pili ni umusirimu, yaani mtu aliyestaarabika, pamoja na kitenzi gusirimuka. Asili yake ni kitenzi cha Kiswahili silimu, kuingia katika Uislamu, na Kiganda nacho kimepitia njia hiyo hiyo katika kitenzi kusiramuka. Hivyo mtu yule yule wa mjini aliacha nyuma yake sifa na tuhuma kwa wakati mmoja: adabu yake ilisifiwa kwa jina la dini yake, na biashara yake ikashukiwa kwa jina la lugha yake. (Kiswahili hakina haki ya kushangaa, kwani ustaarabu wetu nao umefichama ndani yake jina la Waarabu.) Kiingereza kilifanya vivyo hivyo kwa kuelekea upande mmoja tu: “urbane” hutokana na neno la Kilatini la mji, ilhali “villain”, mtu mwovu, alikuwa hapo awali mtu wa shamba.

Neno “city” lina mkasa mwingine. Katika Kongo ya Wabelgiji, “cité” lilikuwa eneo la Waafrika, na “ville” ndiyo iliyokuwa mji wa Wazungu. Baada ya uhuru neno hilo liliingia katika mfumo wa utawala wa Kongo likitaja mji mdogo kuliko “ville”: Goma ni “ville”, na Sake, magharibi yake, ikaitwa “cité”. Mfanyabiashara wa Gisenyi anayevuka mpaka kila siku amelizoea neno sité kama jina la mahali padogo. Kiingereza, kilichofanywa lugha ya kufundishia nchini Rwanda kwa uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2008, kimemletea ndugu wa neno hilo akiwa na cheo kilichopinduka.

Ni katika hali hiyo ambapo Rubavu, pamoja na Huye, Muhanga, Musanze, Nyagatare na Rusizi, iliwekwa katika kundi la “secondary cities”. Kuitafsiri istilahi hiyo kuwa jiji la pili ni kukosea mara mbili. Kwanza, jiji nchini Tanzania ni hadhi ya kisheria, kama ile iliyotolewa kwa Dodoma mwaka 2018, na Rubavu kisheria ni wilaya. Pili, Kinyarwanda kilikwisha kutoa jibu bora zaidi: imijyi yunganira Kigali, yaani miji inayoisaidia Kigali. Kiingereza kinapanga vyeo. Kinyarwanda kinataja kazi. Mji wa kuisaidia Kigali ni tafsiri iliyo karibu zaidi na sera yenyewe, na mshauri wa mipango miji anayeisoma atauliza swali lililo sahihi: msaada gani, na kwa nani?

Tatizo linaonekana wazi zaidi ngazi ya chini. Katika mfumo wa utawala ulioanza mwaka 2006, kila eneo la nchi, la mjini na la mashambani, limegawanywa hadi umudugudu, ambao Kiingereza rasmi huuita “village”. Kwa hiyo mkazi wa katikati ya Gisenyi, aliyezungukwa na maduka na hoteli, huishi kwa Kiingereza ndani ya “village” iliyomo ndani ya “city”. Kiswahili hakilazimiki kurithi kichekesho hicho. Tanzania hutofautisha mtaa wa mjini na kijiji cha mashambani, na hakuna kinachomzuia mfasiri kuandika mtaa kwa Gisenyi na kijiji kwa maeneo ya mashambani ya wilaya hiyo hiyo, ili mradi jina la Kinyarwanda libaki kando yake.

Limebaki neno “citizen”, ambalo katika nyaraka nyingi za Rwanda husimama mahali pa umuturage. Umuturage hutokana na gutura, kukaa mahali; halimwulizi mtu hati yake. Raia, kwa Kiswahili cha leo, linamwuliza. Gisenyi na Goma zimegusana, na ni Gisenyi iliyochaguliwa mwaka 1976 kuwa mahali pa kuundia Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Katika mji wa namna hiyo mwenye nyumba, mpangaji na mwenye kibanda sokoni wanaweza kuwa wa taifa jingine. Tangazo la umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, au la chanjo, likianza kwa “raia wote”, Mkongomani anayeishi Mbugangari ana sababu ya kudhani halimhusu. Likianza kwa “wakazi wote”, hana.