Historia ya Uuguzi, Sehemu ya 4: Kazi Mkononi, Daftari Mfukoni

Mama, usimdharau msaidizi wa wodi anayekesha na wagonjwa kisha asubuhi anakimbilia darasani. Uuguzi wenyewe ulianza hivyo. Mwaka 1860, kwenye shule ya Florence Nightingale huko London, wanafunzi walihudumia wodi huku wanasoma, wakapewa chakula, malazi na pauni 10 kwa mwaka.

Kuanzia 1989 Uingereza ikawahamishia vyuoni. Kuogesha na kulisha wagonjwa kukaangukia zaidi wasaidizi. Mwaka 2017 England ikafuta ruzuku, wanafunzi wapya wakabaki na mkopo. Mwaka huohuo ikafungua njia ya kusomea shahada huku unalipwa mshahara.

Kwa hiyo ukianzia usaidizi, hujashindwa. Ila uliza mapema: saa zangu za kusoma analipa nani?