Kujua Gari Lilipo: Kutoka Stesheni ya Kimamba Hadi Barabara ya Mikumi

Kufuatilia chombo cha usafiri kutoka mbali kulifika Kimamba, karibu na Kilosa, pamoja na reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, ukavuka mbuga ya Mkata kupitia Kimamba na Kilosa, na kuishia Kigoma mwaka 1914. Njia ilikuwa moja, na treni ziliweza kupishana stesheni tu. Ndiyo maana stesheni masta hakuiachia treni mpaka mwenzake wa stesheni ya mbele athibitishe kwa waya kwamba njia iko wazi. Treni isipoonekana kwa wakati wake, ilijulikana imekwama kati ya stesheni ipi na ipi, na msaada ukatumwa. Aliyejua ilipo ndiye aliyewajibika kuisaidia.

Barabarani hali ilikuwa nyingine. Mashamba makubwa ya mkonge ya eneo hilo yalikuwa na karakana na mafundi wake, lakini lori likishatoka shambani lilikuwa peke yake. Likiharibika, utingo alikata matawi mabichi na kuyapanga barabarani, mbele na nyuma ya gari, ili wanaokuja wapunguze mwendo. Dereva alidandia gari jingine kwenda kutafuta kipuri au fundi, na utingo akabaki analinda mzigo, pengine kwa siku kadhaa. Habari zilimfikia tajiri kwa mdomo wa dereva mwingine. Msaada ulitoka kwa wapita njia na wanavijiji, nao hawakuhitaji kujua zaidi ya kile walichokiona.

Upweke huo uliongezeka uzito baada ya Novemba 1965, Rhodesia ilipojitangazia uhuru na Zambia kulazimika kupitisha mafuta na mizigo yake Dar es Salaam. Malori yalimiminika katika barabara ya Morogoro na Iringa, iliyokuwa bado ya vumbi na matope. Kwa ajali zake njia ya kwenda Zambia ikabandikwa kwa Kiingereza jina la Hell Run, yaani Mbio za Jehanamu. Lami ilikamilika miaka ya 1970. Kipande cha kilomita 50 hivi kinapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Hapo gari likizima usiku, kushuka na kwenda kukata matawi ni kujiweka mbele ya simba na tembo.

Simu za mkononi, zilizoenea Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilipunguza safari ya kumfuata fundi. Dereva alieleza mlio wa injini kwa simu, na fundi akakisia ubovu kabla ya kubeba spana. Wakati huohuo magari yenyewe yalikuwa yamebadilika. Marekani ililazimisha magari mapya ya kuanzia mwaka 1996 yawe na tundu la aina moja la kusomea hitilafu, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Fundi wa gereji bubu anayepima gari kwa kompyuta huchomeka kifaa kwenye tundu hilo, chini ya usukani. Kifaa kikiunganishwa na mtandao wa simu, anayesoma hitilafu anaweza kuwa mji mwingine kabisa.

Nchini Tanzania, hata hivyo, ufuatiliaji wa mbali ulienea zaidi kwa sababu ya usimamizi. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, huona mwendo wa mabasi ya mikoani kupitia mfumo wa kufuatilia magari, VTS. Basi likizidi mwendo unaoruhusiwa, mfumo hutoa taarifa, na kitufe cha utambuzi huonyesha dereva ni nani. Mamlaka ya Mapato hufuatilia mizigo ya transiti kwa lakiri za kielektroniki. Wenye malori nao hufunga vifaa vyao, hasa kuzuia mafuta yasinyonywe njiani. Kwa abiria wa basi manufaa ni makubwa, na mwendo wa chombo kinachobeba roho za watu si siri ya dereva. Lakini kifaa cha mwenye lori hurekodi pia dereva alilala wapi na alisimama kwa nani, mambo yasiyo na uhusiano na ubovu wala ajali.

Msaada hauhitaji ufuatiliaji wa saa zote. Tangu Machi 2018 Umoja wa Ulaya unataka aina mpya za magari ya abiria ziwe na mfumo wa eCall. Mfumo huo hukaa kimya mpaka ajali kubwa itokee au mtu abonyeze kitufe, ndipo unapopiga simu ya dharura na kutaja mahali gari lilipo. Huo ndio mpango wa haki zaidi kwa gari binafsi.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka mtu aelezwe sababu ya taarifa zake kukusanywa, na zisitumike kwa jambo jingine. Dereva anayeendesha lori lenye kifaa cha kufuatilia kati ya Kilosa na Mikumi ana haki ya kuomba kuona kilichoandikwa juu yake, hata kama lori si lake.