Yokohama Flügels: Klabu iliyofutwa ikiwa na kombe mkononi

Tarehe 1 Januari 1999, katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo, nahodha Motohiro Yamaguchi alinyanyua Kombe la Mfalme wa Japani kwa niaba ya klabu ambayo haikuwa imebakiwa na mechi yoyote ya kucheza. Yokohama Flügels walikuwa wametoka nyuma na kuichapa Shimizu S-Pulse mabao 2-1, bao la ushindi likifungwa kipindi cha pili na Takayuki Yoshida, kijana wa miaka 21. Zaidi ya watu 50,000 walishuhudia. Wengi wao walikuwa wakilia hata kabla ya filimbi ya mwisho, kwa sababu kila mtu uwanjani alijua kwamba bingwa huyu anafutwa.

Ili kuelewa msiba ule, lazima turudi nyuma mbali kidogo. Mizizi ya Flügels ni klabu ya mtaani iliyoanzishwa mjini Yokohama mwaka 1964. Ilikua taratibu, ikapanda ngazi, na kadiri ilivyopanda ndivyo ilivyohitaji fedha. Shirika la ndege la All Nippon Airways, ANA, liliingia kama mfadhili, na haikuchukua muda mfadhili akawa mwenye nyumba. Wachezaji wa zamani, wale waliotoka na timu mtaani, walijiona wanasukumwa pembeni. Machi 1986, siku ya mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya Mitsubishi, sita kati yao waligoma na kuondoka uwanjani dakika chache kabla ya mpira kuanza. Timu ikaingia na watu wanane, ikala mabao 6-1. Waliogoma walifungiwa.

Tukio hilo hutajwa mara chache klabu hii inapoelezwa, nami naona ni kosa kuliruka. Swali lililokuja kuiua Flügels mwaka 1998 lilikuwa limekwishaulizwa na wachezaji sita miaka 12 kabla: timu ni ya nani, ya mji ulioizaa au ya kampuni inayolipa mishahara?

Ligi ya kulipwa ya Japani, J.League, ilipoanza Mei 1993 ilidai kuwa na jibu. Mwenyekiti wake, Saburo Kawabuchi, alishikilia kwamba klabu zibebe majina ya miji na si ya makampuni. Kati ya timu 10 za kwanza, mbili zilitoka Yokohama: Marinos, iliyozaliwa na timu ya kampuni ya magari ya Nissan, na Flügels ya ANA, ambayo sasa ilikuwa na mbia wa pili, kampuni ya ujenzi ya Sato Kogyo. Jina Flügels lilitokana na neno la Kijerumani lenye maana ya bawa, jina la kumstahili mwenye ndege. Majina yalibadilika kwelikweli. Waliotia saini hundi walibaki walewale.

Uwanjani Flügels haikuwa timu ya kubeza. Msimu huohuo wa kwanza ilitwaa Kombe la Mfalme kwa kuipiga Kashima Antlers 6-2 katika muda wa nyongeza. Mwaka 1995 ikaongeza Kombe la Washindi la Asia. Kisha wakaletwa Wabrazili watatu kutoka Palmeiras: Evair, Zinho na César Sampaio. Huyu Sampaio ndiye aliyefunga bao la kwanza la Kombe la Dunia la 1998, Brazil ilipocheza na Scotland nje kidogo ya jiji la Paris, na wakati huo alikuwa mchezaji wa Flügels. Kocha aliyeanza msimu wa 1998 alikuwa Carles Rexach, mtu wa Barcelona hadi kwenye mifupa. Golini alisimama Seigo Narazaki. Katikati alikuwamo chipukizi aliyetoka shule ya sekondari mwaka uleule, Yasuhito Endo.

Fedha, hata hivyo, zilikuwa zinakauka. Uchumi wa Japani ulikuwa umeporomoka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na homa ya J.League nayo ilishuka: wastani wa watazamaji kwa mechi ulikuwa zaidi ya 19,000 mwaka 1994, na kufikia 1997 ulikuwa umebaki kama 10,000. Sato Kogyo, iliyobanwa na madeni, ikaamua kujitoa. ANA ikasema haiwezi kubeba mzigo peke yake. Nissan nayo ilikuwa katika hali mbaya. Wenye makampuni wakakutana, wakapiga hesabu, na tarehe 29 Oktoba 1998 ikatangazwa kwamba Flügels itaungana na Marinos.

Kwa lugha ya makaratasi uliitwa muungano. Marinos ilibaki na jina lake, rangi zake na mwenyewe, ikaongezewa herufi F mbele: Yokohama F. Marinos. Herufi moja ndiyo iliyobaki ya Flügels. Wachezaji hawakuulizwa. Mashabiki hawakuulizwa. Watu walisimama mitaani na kwenye vituo vya treni wakikusanya saini, zikafika mamia ya maelfu, lakini uamuzi haukutikisika.

Kilichofuata ni mojawapo ya miezi ya ajabu kabisa katika historia ya mpira wa Asia. Rexach alikuwa amekwishaondoka, na timu ilikuwa mikononi mwa msaidizi wake Mjerumani, Gert Engels. Tangu siku ya tangazo Flügels haikupoteza tena mechi hata moja. Mechi iliyofuata waliifumua Cerezo Osaka 7-0. Kombe la Mfalme ni la mtoano, ukifungwa unakwenda nyumbani; kwa Flügels, kufungwa kulikuwa na maana ya kwisha kabisa. Kwa hiyo walishinda ili waendelee kuwapo wiki moja zaidi. Waliwatoa Júbilo Iwata, mojawapo ya timu kali kuliko zote nchini wakati ule. Nusu fainali wakawatoa Kashima Antlers, mabingwa wa ligi, 1-0. Kisha ikaja fainali ya Mwaka Mpya.

Mwezi uliofuata klabu ikafutwa na wachezaji wakatawanyika. Narazaki alikwenda Nagoya Grampus, akakaa huko mpaka alipostaafu, na mwaka 2010 akawa bingwa na mchezaji bora wa ligi. Endo alipitia Kyoto kabla ya kutulia Gamba Osaka, na aliichezea timu ya taifa mechi 152, rekodi ya Japani. Yoshida alihamia F. Marinos, na miaka mingi baadaye, akiwa kocha wa Vissel Kobe, alitwaa ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo, 2023 na 2024.

Mashabiki wengi hawakukubali kumfuata mpinzani wa mji wao eti kwa sababu ya herufi moja. Wakaamua kuanzisha klabu yao. Walichangishana, wakaiga mfumo wa wanachama wa Barcelona, na mwanzoni mwa 1999 Yokohama FC ikawa hai. Uongozi ulikabidhiwa Yasuhiko Okudera, Mjapani wa kwanza kucheza ligi kuu ya Ujerumani, na ukocha akapewa Pierre Littbarski, bingwa wa dunia wa 1990. Walianzia JFL, chini ya madaraja ya kulipwa. Waliongoza msimamo 1999, wakaongoza tena 2000, na mwaka 2001 wakaingia daraja la pili.

Mambo hayakuwa laini. Mpango wa kuiendesha klabu kwa michango ya wanachama ulikumbwa na migogoro kati ya uongozi na mashabiki, haukudumu, na baadaye wawekezaji wakashika usukani. Hilo linauma, maana mpango huo ndio uliowatoa watu majumbani mwao. Lakini timu ilidumu. Mwaka 2005 alijiunga Kazuyoshi Miura, mshambuliaji mpendwa kuliko wote Japani, akiwa na miaka 38. Mwaka uliofuata Yokohama FC ikamfukuza kocha baada ya mechi moja tu, ikampa timu Takuya Takagi, na ikamaliza msimu ikiwa bingwa wa daraja la pili.

Machi 2007, katika mechi yao ya kwanza ya nyumbani daraja la kwanza, waliwakaribisha Yokohama F. Marinos kwenye Uwanja wa Mitsuzawa, uwanja mdogo uliojaa kumbukumbu za Flügels. Yokohama FC ilishinda 1-0. Agosti Marinos walilipiza kwa mabao 8-1, na timu ya mashabiki ikashuka daraja ikiwa mkiani. Hata hivyo siku ya mwisho ya msimu iliwafunga Urawa Reds 1-0 na kuwanyima ubingwa, krosi ya bao hilo ikipigwa na Miura. Miaka kumi baadaye, Machi 2017, Miura huyohuyo aliifungia Yokohama FC bao akiwa na miaka 50 na siku 14, akaivunja rekodi ya Stanley Matthews ya mfungaji mzee kuliko wote katika ligi ya kulipwa. Tangu hapo klabu imekuwa ikipanda na kushuka.

Wapo wanaosema Flügels ilikufa kwa ukata. Sikubaliani nao. Klabu nyingi za Japani zilikuwa na ukata mwaka 1998 na hazikufutwa. Flügels ilikufa kwa sababu mezani waliketi wenye hisa peke yao, bila mwakilishi wa mji wala wa wachezaji wala wa watu waliokuwa wakijaza Mitsuzawa. J.League ililitambua hilo kwa kuchelewa: ilianza kukagua hesabu za klabu kwa makini zaidi, na tangu msimu wa 2013 hakuna klabu inayocheza bila leseni inayochunguza fedha zake kila mwaka. Tangu Flügels, hakuna klabu nyingine ya J.League iliyofutwa kwa kuunganishwa na jirani yake.