Mikono ya Watu wa Kale Katika Pango la Pech Merle

Siku moja ya kiangazi yatosha kulizuru pango la Pech Merle, katika Ufaransa, na kijiji cha Saint-Cirq-Lapopie kilichojengwa juu ya jabali. Picha za pango zilivumbuliwa na vijana mwaka 1922, wakihimizwa na Padre Amédée Lemozi wa Cabrerets. Humo twaona farasi wenye madoa, waliochorwa yapata miaka 29,000 iliyopita, na alama za mikono: mtu aliweka kiganja ukutani, rangi ikapulizwa kukizunguka. Kule kijijini wakereza mbao walifanya zamani bilula za mapipa. Nyumba zao zingali zimesimama. Sisi tufundishao kusoma tusiwadharau wasioandika. Jina la mwenye mkono limepotea. Mkono wake tungali twausoma.