Kasongo ya Kale katika Kioo cha Kompyuta: Tatizo la Kuchora Mji Uliotoweka

1. Utangulizi

Kusini mwa Maniema, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahali ulipokuwapo mji wa Kasongo wa zama za Waswahili na Waarabu panaitwa Tongoni. Jina hilo si geni kwa msomaji wa pwani, kwani kusini ya Tanga nako iko Tongoni yenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Tongo, katika Kiswahili cha tangu zamani, ni mahali palipokuwa na makazi kisha pakahamwa. Kwa hiyo waliopapa mahali hapo jina la Tongoni walikwisha andika historia yake kwa neno moja: hapa walikaa watu, nao wameondoka.

Hata hivyo tongo hizi mbili hazifanani. Ile ya Tanga ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mpimaji anaweza kuweka kamba yake ukutani hata leo. Ile ya Kasongo iko mamia ya maili kutoka baharini. Matumbawe hayakuwapo, na wajenzi walitumia udongo, miti na nyasi, vitu ambavyo mvua, mchwa na moto havikawii kuvirudisha ardhini. Makala haya yanachunguza swali moja: je, vyombo vya kompyuta vinavyotumiwa siku hizi kusanifu majengo na kuonyesha urithi wa kale vinaweza kufanya nini kwa mji wa namna hii? Hoja inayotetewa ni kwamba vyombo hivyo vina manufaa makubwa, ila manufaa yenyewe hutegemea kama mchoraji yuko tayari kuonyesha wazi asichokijua.

2. Mji na ushahidi wake

Kasongo ulikuwa mmojawapo wa miji mikubwa iliyokua kutokana na biashara ya pembe na watumwa katika bonde la Lualaba katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mwenzake alikuwa Nyangwe, kandokando ya mto wenyewe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliufanya Kasongo kuwa kituo chake kikuu, na baada yake akatawala mwanawe Sefu. Katika vita baina ya dola ya Mfalme Leopold II na watu wa Sefu, majeshi yaliyoongozwa na Francis Dhanis yaliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, kisha yakauteka Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo. Kabambare nao ulitekwa Januari 1894. Tippu Tip mwenyewe alikwisha rudi Unguja, ambako alifariki mwaka 1905.

Ushahidi ulioandikwa kuhusu sura ya mji ni mchache nao umeelemea upande mmoja. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika kwa Kiswahili na yaliyochapishwa kwanza na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, kisha na Whiteley mwaka 1958 na 1959, yanaeleza safari, vita, hesabu za pembe na madeni. Msomaji akitafuta humo maelezo ya nyumba, atatoka karibu mikono mitupu. Mwenye mji hakuona haja ya kuueleza mji wake.

Aliyeueleza ni adui. Sidney Langford Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Dhanis, alichapa kitabu chake mwaka 1897. Humo anasimulia mashamba ya mpunga, miwa na mahindi yaliyouzunguka mji, maghala yaliyojaa chakula, vitanda vya nakshi vyenye vyandarua, na vyombo vya fedha na vya kioo. Juu ya hayo anatoa kipimo: chumba alichokitwaa kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, na mlango wake ulifunguka kwenye bustani ya michungwa. Kwa mwanahistoria wa majengo, sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kurasa nyingi za sifa.

3. Kutoka kamba hadi leza

Kupima jengo bila kuligusa si uzushi wa jana. Msanifu Mjerumani Albrecht Meydenbauer alianza kufikiria njia ya kupata vipimo kutoka katika picha mwaka 1858, alipokuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar, na jina la fotogrametria likaanza kutumika mwaka 1867. Uchoraji kwa kompyuta ulikuja baadaye sana: Ivan Sutherland alitoa programu yake ya Sketchpad huko Marekani mwaka 1963, na AutoCAD ikaingia sokoni mwaka 1982. Kwa programu za namna hii msanifu aliweza kusahihisha ukuta mmoja bila kuchora upya karatasi nzima. Hatimaye ikaja skana ya leza, ambayo hutupa miale kwenye jengo, ikapima umbali wa kila nukta, na kukusanya mamilioni ya nukta zinazounda umbo zima.

Pwani ya Waswahili imekwisha nufaika na vyombo hivi. Michoro ya mkono ya Peter Garlake katika kitabu chake cha mwaka 1966, na uchimbaji wa Neville Chittick uliochapishwa mwaka 1974, ndiyo misingi ya elimu ya majengo ya Kilwa. Baadaye Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, chini ya Heinz Rüther, ulipeleka skana za leza Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Magofu hayo yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 na kuwekwa miongoni mwa urithi ulio hatarini kati ya mwaka 2004 na 2014. Faida ya kumbukumbu kama hizo haihitaji maneno mengi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 mjini Unguja, iliporomoka. Yeyote anayetaka kurudisha kilichoanguka hana budi kuanza na vipimo vilivyochukuliwa kabla hakijaanguka.

Lakini skana hupima kilichopo tu. Ikiwekwa katikati ya Tongoni ya Kasongo itarudi na umbo la ardhi na mimea. Hapa ndipo tatizo la Maniema linapotengana na la Kilwa.

4. Funzo la shajara

Maniema hiihii imekwisha toa mfano wa jinsi kompyuta inavyoweza kufufua kilichofifia, ingawa mfano wenyewe ni wa karatasi. David Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare, mwaka 1869, na kutoka Julai 1870 hadi Februari 1871 alizuiliwa huko na maradhi. Karatasi na wino vilimwishia. Alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuwa akiandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino uliotengenezwa kwa tunda la huko. Wino ulififia, na herufi za gazeti zikayafunika maneno yake.

Kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilizipiga picha kurasa hizo kwa mianga mbalimbali, tangu ile iliyo zaidi ya urujuani hadi ile iliyo chini ya nyekundu. Kompyuta ikazilinganisha picha, ikazififisha chapa za gazeti na kuutokeza mwandiko. Shajara ya 1871 ilitolewa mwaka 2011, na ile ya 1870 ikafuata mwaka 2017. Ilidhihirika kwamba maelezo ya awali ya mauaji ya sokoni Nyangwe, ya tarehe 15 Julai 1871, yanatofautiana na yale ambayo Livingstone aliyanakili baadaye, hasa kuhusu mwenendo wa watu wake mwenyewe.

Funzo ni hili. Wataalamu wale hawakuongeza neno lolote; walitenganisha matabaka ili kila moja lisomeke peke yake. Aidha, palipobaki pasiposomeka pameachwa hivyo. Mchoraji wa Kasongo ya kale anadaiwa uaminifu huohuo.

5. Chumba cha futi themanini

Na turudi kwenye chumba cha Hinde. Futi 80 kwa 15 ni kama mita 24 kwa mita nne na nusu. Mchoraji aliyezoea majumba ya Unguja au Lamu atashawishika kukivika chumba hiki sura ya pwani: kuta nene nyeupe, dari ya boriti, sakafu ya chokaa, madaka ukutani. Kwa kompyuta kazi hiyo ni ya dakika chache, maana vipande vya nyumba nyingine vinaweza kunakiliwa na kubandikwa.

Vipimo vyenyewe vinakataa. Katika nyumba ya mawe ya pwani upana wa chumba huamuliwa na boriti za mikandaa zinazobeba dari, na kwa kawaida hauzidi sana mita mbili na nusu au tatu. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Chumba cha mita nne na nusu kinadai paa la namna nyingine. Inaelekea lilikuwa paa la mgongo, lenye kombamoyo na kuezekwa kwa nyasi, au pengine palikuwa na nguzo za katikati ambazo Hinde hakuzitaja. Urefu wa chumba unaikumbuka pwani, ilhali upana wake ni wa msitu. Mjenzi wa Kasongo hakuiga nyumba ya Unguja; alichukua desturi yake na kuijenga kwa miti ya Maniema.

Huu ni uelekezi wa akili unaotokana na kipimo kimoja cha mtu mmoja aliyekuwa mshindi wa vita, na huenda alikadiria kwa macho. Ndiyo maana Mkataba wa London wa mwaka 2006, uliorekebishwa mwaka 2009, na Kanuni za Seville za mwaka 2011, vinawataka wachoraji wa kompyuta wabainishe lililothibitishwa na lililodhaniwa, na waandike sababu za kila uamuzi. Katika picha ya Kasongo, urefu na upana wa chumba ungepakwa rangi moja, paa rangi nyingine, na nyumba za jirani zingebaki mistari mitupu. Picha hiyo isingependeza kama ile iliyokamilika, lakini isingesema uongo.

6. Nyumba ya nani?

Lipo swali zito kuliko la paa. Silki na michungwa aliyoiona Hinde ilikuwa mali ya mabwana. Waliofyeka msitu, kukanyaga udongo, kukata miti na kulima mpunga walikuwa kwa wingi watumwa na watu wa nchi waliotiishwa. Picha inayoonyesha jumba la Sefu peke yake, kwa mwanga mzuri wa jioni, itawafuta mara ya pili. Uchoraji wa haki hauna budi kuacha nafasi kwa vibanda vya watumwa, hata kama nafasi hiyo itakuwa tupu kwa sababu hakuna aliyevipima.

Nafasi hiyo inaweza kupunguzwa. Mwaka 2020 Noemie Arazi na wenzake, miongoni mwao watafiti wa Kongo, walichapisha katika jarida la Antiquity taarifa ya utafiti wao juu ya historia, akiolojia na kumbukumbu za Waswahili-Waarabu wa Maniema. Njia yao ya kuunganisha jembe la mchimbaji na masimulizi ya wazee ndiyo inayoifaa kompyuta pia. Nyumba za udongo zinazojengwa leo Kasongo, Kabambare na vijiji kama Wamaza zinaweza kupigwa picha za kupimia kwa kamera ya kawaida. Fundi anayejua mti gani hauliwi na mchwa ana ushahidi ambao Hinde hakuuona.

Hapa Kiswahili chenyewe kinaingia kazini. Programu za usanifu humtaka mchoraji aipe kila sehemu jina, na majina yaliyomo tayari ni ya Ulaya. Neno veranda halisemi lisemwalo na baraza, mahali pa kukaa, kupokea wageni na kuamua mashauri. Ukumbi, ua, fito na kombamoyo ni majina yanayobeba matumizi pamoja na umbo. Kuyakusanya kama yanavyotamkwa Maniema, pamoja na yale ya wenyeji Wabangubangu na Wakusu yaliyochanganyika nayo, ni kazi ya wanafunzi wa lugha, nayo haingoji mashine ya bei kubwa.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vyombo vya kompyuta vinafanya kazi mbili zisizo sawa. Kilwa vinahifadhi kilichopo. Kasongo vinatakiwa kupima kiasi cha kilichopotea. Kazi ya pili ni ngumu zaidi, kwa kuwa kioo cha kompyuta hakina aibu: huonyesha dhana na hakika kwa ung'avu uleule. Dawa yake ni kutenganisha matabaka kama ilivyofanywa kwa shajara, kuuliza vipimo kabla ya kuazima sura za pwani, na kuwarudishia mji wao wale walioujenga bila kuumiliki. Wenyeji walipaita mahali hapo Tongoni bila kujaza pengo lake kwa hadithi. Mchoraji atakayeanza na jina hilo atakuwa ameanza vyema.