Sekunde, Mawakala na Dhamana: Uongozi wa Michael Joseph katika Safaricom, 2000–2010

Simu ya mkononi iliingia Kenya mwaka 1993 ikiwa huduma ya Shirika la Posta na Simu, shirika la umma lililohodhi mawasiliano yote ya nchi, na kwa miaka kadhaa ilibaki kuwa chombo cha mawaziri, mabalozi na wafanyabiashara wakubwa. Idara iliyoiendesha huduma hiyo ilisajiliwa kuwa kampuni mwaka 1997 kwa jina la Safaricom, na mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ikachukua asilimia 40 ya hisa pamoja na dhamana ya uendeshaji. Wakati huo wateja wake hawakufika 20,000.

Michael Joseph, mhandisi wa umeme aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na ambaye alikuwa ametoka kusimamia uzinduzi wa mtandao wa Vodafone nchini Hungary, alikabidhiwa kampuni hiyo Julai 2000, mwaka uleule ambao mshindani wake, KenCell, alipata leseni. Kampuni hizo mbili ziliuza huduma ya aina moja, lakini kila moja ilikuwa na mteja wake akilini. KenCell ilitoza kwa dakika, utaratibu unaomlipisha mpigaji dakika nzima hata akizungumza sekunde kumi, na ambao haumwumizi mtu anayelipiwa simu na ofisi. Safaricom ilitoza kwa sekunde, yaani mteja alilipia muda ule tu aliozungumza, tena kwa malipo ya kabla, ambapo hununua kadi ya kukwaruza na kuzungumza hadi salio liishe. Uamuzi huo ulipunguza mapato ya kila simu moja moja, na mhasibu yeyote angeweza kuupinga kwa hoja nzuri. Nguvu yake ilikuwa kwamba mchuuzi wa Gikomba au mkulima wa Murang'a aliweza kupima matumizi yake kama apimavyo sukari dukani, akanunua kiasi kile alichokimudu siku hiyo, na hivyo akaingia katika hesabu za kampuni ambazo hapo awali hazikuwa na nafasi yake.

Haifai, hata hivyo, kumtakasa Joseph kupita kiasi. Mtandao ulipozidiwa na wingi wa simu, alitamka hadharani kwamba Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu, kauli iliyowaudhi wengi na iliyomwandama kwa miaka. Mbali na kukera, kauli hiyo ilikuwa na udhaifu wa hoja, kwa kuwa tabia ya kupiga simu fupi fupi na kusubiri saa za bei nafuu ilikuzwa, kwa sehemu, na viwango ambavyo kampuni yenyewe ilivipanga.

Suala la uongozi huonekana kwa undani zaidi katika M-Pesa, huduma ya kuhifadhi na kutuma fedha kwa simu, ambayo mara nyingi husimuliwa kana kwamba Joseph ndiye aliyeibuni. Wazo lilitoka kwa Nick Hughes wa Vodafone, likapata ruzuku ya serikali ya Uingereza, na majaribio yake yakasimamiwa na Susie Lonie kuanzia Oktoba 2005, jijini Nairobi na mjini Thika, kwa wateja wasiozidi 500 na mawakala wanane. Shabaha ya awali ilikuwa kuwawezesha wateja wa Faulu kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Faulu ilikuwa taasisi ya mikopo midogo, yaani chombo kinachowakopesha watu wasio na mali ya kuweka rehani, kupitia vikundi ambavyo wanachama wake hudhaminiana. Mpango huo ulikwama. Hesabu za taasisi zilikuwa za mkono na hazikuoana na mfumo mpya, na mikutano ya vikundi, iliyokuwa nguzo ya nidhamu ya ulipaji, ilianza kupoteza sababu ya kuhudhuriwa. Wakati huohuo wateja walikuwa wakifanya mambo ambayo hayakupangwa: walimtumia ndugu wa mbali, walilipana katika biashara, na wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari ili wasitembee nazo.

Hapo ndipo mchango wa Joseph ulipoonekana, kwa kuwa alikubali mikopo iwekwe kando na huduma izinduliwe upya, tarehe 6 Machi 2007, kwa mwito mmoja wa kutuma pesa nyumbani. Aliwawekea wasaidizi wake lengo la wateja milioni moja katika mwaka wa kwanza, nalo likatimia kabla ya mwaka kwisha. Lengo kama hilo lingekuwa maneno matupu bila mawakala, yaani wenye maduka waliosajiliwa kupokea na kutoa fedha kwa niaba ya kampuni, ambao kila mmoja alipaswa kuwa na fedha taslimu za kumlipa anayetoa na salio la kielektroniki la kumpa anayeweka, na akipungukiwa na kimojawapo mteja huondoka mikono mitupu. Kampuni ilianza na vituo vipatavyo 750 vilivyofika katika makao makuu ya wilaya zote, ikawalipa mawakala kamisheni hata kwa kuweka fedha, jambo ambalo mteja hakutozwa, na hivyo ikabeba gharama kabla mapato hayajajulikana. Kwa mtazamo wa kihistoria, uwekezaji huo wa mapema unastahili sifa kuliko teknolojia yenyewe, ambayo ilikuwa ya kawaida kabisa.

Serikali nayo ilikuwa na sehemu yake. Benki Kuu ya Kenya haikuwa na sheria iliyolingana na huduma hiyo, lakini iliiruhusu ianze kwa sharti kwamba fedha za wateja ziwekwe katika akaunti ya dhamana benki, yaani akaunti ambayo kampuni haiwezi kuitumia kwa shughuli zake. Mwishoni mwa 2008 Wizara ya Fedha iliagiza ukaguzi, na huduma ikaendelea.

Joseph alipoondoka Novemba 2010, akimwachia Bob Collymore wateja zaidi ya milioni 16, alipewa na Vodafone kazi ya kusimamia huduma za fedha kwa simu katika nchi nyingine. Mwaka huohuo M-Pesa ilizinduliwa Afrika Kusini kwa ushirikiano wa kampuni ya simu ya Vodacom na benki ya Nedbank, katika nchi ambayo watu wengi zaidi walikuwa na akaunti za benki na ambamo kanuni za kibenki zilikuwa kali zaidi. Huduma haikupata wateja wa kutosha, ikaanzishwa upya mwaka 2014, na mwaka 2016 ikafungwa.